Kipande cha Ngozi Nchani mwa Fimbo

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Katika historia ya michezo ya mezani, mwiba uliodharauliwa kuliko yote ni kile kipande cha ngozi, upana wake haufikii ukucha wa kidole gumba, kinachogandishwa kwa gundi kwenye ncha ya fimbo ya biliadi. Meza hutazamwa kwa ukubwa wake, kitambaa kwa rangi yake, matufe kwa mng'ao wake, na mchezaji kwa maringo yake. Ngozi ile haitazamwi na mtu mpaka siku inapobanduka. Ilhali, katika vyombo vyote vya mchezaji, ni hiyo peke yake inayoligusa tufe. Mtu anaweza kuwa na mkono mwepesi na jicho la kozi, lakini yote aliyojaaliwa hayana budi kupita katika milimita chache za ngozi, kwa muda usiozidi sana sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Mpenzi msomaji huenda akauliza: makala ya biliadi yana haja gani katika kurasa za washairi? Haja yapo mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi tunaojishughulisha na maneno tunajua thamani ya ncha. Waandishi wetu wa zamani, walionakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, walikuwa wakichonga kalamu ya mwanzi kwa kisu, nao walijua kwamba ncha iliyokatwa vibaya huharibu hati hata kama mkono ni wa fundi. Ya pili ni kwamba historia ya ngozi hii, iliyoanzia gerezani Ufaransa, ina njia inayopita Forodhani kwetu Unguja. Njia hiyo nitaifuata hatua kwa hatua, na mwisho nitaeleza namna ngozi inavyochaguliwa.

Mkia wa rungu

Biliadi ilizaliwa nje, juu ya majani, ikiwa mchezo wa kusukuma tufe kwa rungu. Baadaye wakubwa wa Ulaya waliuingiza ndani na kuupandisha juu ya meza, na kitambaa cha kijani tunachokiona mpaka leo ni kumbukumbu ya yale majani. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa anatajwa kuwa na meza ya namna hiyo katika karne ya 15. Mnamo mwaka 1607 hivi, Shakespeare alimfanya malkia Kleopatra autaje mchezo huu katika tamthilia ya Antony and Cleopatra, ingawa malkia huyo alifariki mwaka wa 30 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mchezo wenyewe ukiwa bado haujazuka duniani. Kosa hilo la tarehe linatuonyesha jambo moja: watazamaji wa London wa siku hizo walikuwa wakiujua vyema mchezo huo, hata haukuhitaji kuelezwa.

Chombo cha kuchezea hakikuwa fimbo tunayoijua. Kilikuwa rungu lenye kichwa bapa na mpini mwembamba, na mchezaji alilisukuma tufe kwa kile kichwa. Taabu ilianza pale tufe lilipokaa karibu na ukingo wa meza, kwani kichwa kipana hakikupata nafasi. Wachezaji wakawa wanageuza rungu na kupiga kwa mkia wake. Kwa Kifaransa mkia huitwa queue, na neno hilo ndilo lililopewa fimbo yenyewe, likavuka bahari na kuingia katika Kiingereza. Mfasiri akilifikia neno hili husita. Kiswahili kimesema fimbo, nalo ni neno zuri, lakini halikubeba habari ya kugeuzwa, ya kile kilichokuwa mkiani kuwa mbele.

Hata hivyo mkia ule ulikuwa mti mtupu. Matufe bora yalikuwa ya pembe ya ndovu, na mti mtupu juu ya pembe iliyong'arishwa huteleza. Mchezaji hakuwa na hiari ila kupiga katikati kabisa ya tufe. Akipiga juu kidogo, chini kidogo, au ubavuni, fimbo ilichepuka na tufe likaenda kusikokusudiwa. Mchezo ulikuwa wa pembe na mistari iliyonyoka, mfano wa mtu anayejua maneno lakini hajui kupandisha wala kushusha sauti.

Mfungwa na ngozi

Aliyebadilisha hali hiyo kwa kauli ya wengi ni François Mingaud, mwanajeshi wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1771 katika kijiji cha Le Cailar, kusini mwa Ufaransa, na kufariki mwaka 1847. Alikuwa kapteni wa askari wa miguu. Alifungwa Paris kwa sababu za kisiasa katika zama za Napoleon, na gerezani humo palikuwa na meza ya biliadi. Huko ndiko alikofikiri na kujaribu mpaka akaifikia ncha ya ngozi, iliyoviringwa kidogo na kubandikwa kwenye mti. Mwaka unaotajwa ni 1807.

Wasimulizi wengi husema kwamba gereza hilo lilikuwa Bastille. Neno hilo haliwezi kuwa kweli. Bastille ilivamiwa na umma tarehe 14 Julai 1789 na kubomolewa, na Napoleon aliposhika hatamu mwaka 1799 palikuwa hapana ngome tena pale. Jina la Bastille limepachikwa kwa kuwa ni gereza ambalo kila mtu amelisikia, kama vile kila kisa cha werevu kwetu kinavyopachikwa Abunuwasi. Husimuliwa pia kwamba kifungo chake kilipokwisha, Mingaud aliomba abakizwe ndani ili akamilishe uchunguzi wake. Sina ithibati ya ombi hilo. Nalitaja kwa sababu ya jinsi linavyopendwa. Watu wanataka kuamini kwamba mtu aliyenyimwa dunia nzima anaweza kuipata nyingine juu ya meza, na kuipenda kiasi cha kutotaka kutoka.

Lililo thabiti ni kwamba alipotoka aliwashangaza watazamaji. Tufe lake liligonga la pili, kisha likarudi nyuma kuelekea alikosimama mpigaji, kana kwamba limeitwa. Mwaka 1827 alichapisha Paris kitabu alichokiita kwa heshima Noble jeu de billard, ambacho mimi ningekifasiri Mchezo Adhimu wa Biliadi, kilichojaa michoro ya mapigo ya ajabu. John Thurston, mtengenezaji wa meza wa London, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1830. Zingatia mpangilio huo: mfungwa aligundua, mchapaji akaeneza, na muuza meza akapata soko.

Siri ya msuguano

Ngozi ilifanya nini ambacho mti haukuweza? Jibu lake ni msuguano. Ngozi hubonyea chembe inapogusa tufe, ikalishika badala ya kuteleza. Kwa hiyo mpigaji akapata ruhusa ya kuhama kutoka katikati. Akipiga juu ya kitovu, tufe huzidi kuviringika mbele hata baada ya kugonga. Akipiga chini, huviringika kinyume na kurejea. Akipiga ubavuni, huondoka likijizungusha kama pia, na likigusa ukingo hubadili njia yake ya kutokea. Ruhusa hiyo ina mpaka. Kwa kiasi cha kukadiria, ukivuka nusu ya umbali kutoka kitovuni hadi ukingoni mwa tufe, hata ngozi njema yenye chaki huteleza.

Jambo hili liliwavuta hata wanahisabati. Gaspard-Gustave de Coriolis alichapisha mwaka 1835 kitabu kizima juu ya hisabati ya biliadi. Mwaka uo huo aliandika pia juu ya mwendo katika vitu vinavyozunguka, na kwa maandishi hayo jina lake limebaki katika elimu ya hewa. Nguvu iitwayo kwa jina lake ndiyo inayoeleza kwa nini pepo hazendi moja kwa moja juu ya dunia hii inayozunguka, na kwa nini kusi, ikitoka kusini mashariki, huvuka ikweta na kupinda kuelekea Bara Hindi. Manahodha wetu waliijua njia hiyo ya upepo kwa karne nyingi kabla ya Coriolis kuzaliwa. Yeye aliipa hesabu.

Chaki nayo ina kisa chake. Ngozi pekee hulainika kwa kupigwapigwa na kuanza kuteleza, hivyo hupakwa unga wa kuikwaruza. Katika miaka ya 1820, mjini Bath, Uingereza, kulikuwa na mtumishi wa ukumbi wa biliadi aliyeitwa Jack Carr, hodari wa kuzungusha tufe ubavuni. Inasimuliwa kwamba aliwauzia watu unga katika vikasha vidogo kwa bei kubwa, akiwaambia kuwa siri ya mzunguko imo ndani yake, kumbe ulikuwa chaki ya kawaida. Wamarekani mpaka leo mzunguko huo wa ubavuni huuita Kiingereza, na maelezo ya kawaida ni kwamba walifundishwa na wageni kutoka Uingereza. Chaki ngumu ya vipande vya mraba tunayoiona leo ilikuja baadaye: mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins waliisajili Marekani mwaka 1897, nayo kwa hakika si chaki bali ni mchanganyiko wa silika na unga mkali wa kukwaruza.

Ngozi ilipokutana na pembe

Hapa ndipo njia inapogeukia kwetu. Mchezo ulipopata ngozi, ulipata pia udhia mpya. Tufe lisilo duara kamili, au lenye uzito ulioelemea upande mmoja, lilivumilika siku za rungu. Kwa mpigaji anayetaka tufe lirudi shibiri mbili na kusimama, kasoro hiyo haivumiliki. Meza nazo ziliboreshwa: katika miaka ya 1820 Thurston alianza kutumia jiwe la sleti chini ya kitambaa, na katika miaka ya 1840 kingo zikawekwa raba. Biliadi ikatoka katika makasri na kuingia katika kumbi za miji ya Ulaya na Marekani. Kila meza ilitaka matufe, na tufe jema halikuwa na kitu kingine ila pembe ya ndovu.

Pembe haikatwi ovyo. Ndani yake hupita mshipa mwembamba kuanzia shinani hadi nchani, na fundi hukata tufe ili mshipa huo upite katikati kabisa, uzito usielemee. Kwa hiyo pembe nene haikuwa bora kwa kazi hii. Zilitakiwa zenye unene unaozidi kidogo tufe lenyewe. Pembe moja ilitoa matufe machache, matatu hadi matano, na mengine yote yakawa ya vifungo na vipini. Wazee wetu walikuwa na majina ya kupambanua. Pembe kubwa ilikuwa pembe, ya kati ikaitwa buri, na ndogo ikaitwa kalasha. Wanunuzi walipambanua pia pembe ngumu na laini, na ile ya Afrika Mashariki ilisifika kwa ulaini, haipasuki upesi chini ya msumeno. Naam, ngumu na laini: maneno hayohayo ambayo mchezaji wa leo huyatamka anapochagua ngozi.

Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na ikafungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837. Meli za wafanyabiashara wa Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani, zikaondoka na pembe, gundi ya sandarusi na ngozi za wanyama. Ushuru ulikusanywa Forodhani, na kwa miongo kadhaa kandarasi yake ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji. Pembe nyingi zilifika Connecticut kuwa vitana na vibao vya piano. Nyingine zilikwenda London na Bara Hindi. Na sehemu ya mzigo huo ikageuka matufe.

Kabla ya kufika Forodhani, kila pembe ilitembea. Ilitoka Manyema au Unyanyembe, ikapita Tabora, ikateremka hadi Bagamoyo, juu ya bega la mtu. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, mabingwa wa safari za miezi. Wengine walikuwa watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip na kufariki Unguja mwaka 1905, aliacha kwa Kiswahili habari za maisha yake, na humo mtu anaona jinsi pembe ilivyokuwa kipimo cha safari, vita na mapatano. Humo tunapata jina la tajiri. La mpagazi aliyeibeba pembe ile begani, na la ndovu aliyeuawa kwa ajili yake, hatulipati. Wala sisemi kwamba Mingaud ndiye aliyewaua ndovu. Biashara ya pembe ilikuwapo karne nyingi kabla yake, na piano ilikula pembe kwa wingi kabisa. Ninasema tu kwamba ustadi wa mkono Paris ulikuwa na gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa huku.

Uchumi wenyewe ndio ulioanza kukata uzi huo. Pembe ilikuwa ghali, na tena tufe lake hunyonya unyevu na kupinda. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan and Collender ya New York ilitangaza tuzo ya dola 10,000 kwa atakayepata badala yake. John Wesley Hyatt, mchapaji wa Albany, aliingia katika utafiti huo akatoka na seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo kabisa duniani. Tufe lake lilikuwa na ila, kwani seluloidi hushika moto, na Hyatt mwenyewe alisimulia kwamba yakigongana kwa nguvu yaliweza kutoa mlio kama wa fataki. Katika karne ya 20 zilikuja resini zilizo imara zaidi, na ndizo zinazotumika leo. Kenya ilipochoma tani 12 za pembe Julai 1989, na mataifa yakakubaliana mwaka huo kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, matufe yalikwisha kuachana na ndovu zamani. Ile pete nyeupe ndogo chini ya ngozi, inayozuia mti usipasuke, ndiyo iliyobaki kuwa ya pembe kwa muda mrefu katika fimbo za fahari. Siku hizi kwa kawaida ni ya plastiki.

Kuchagua ngozi

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Ngozi ngumu haibonyei sana, hupoteza nguvu kidogo, hudumu, na hupendwa na wanaopiga pigo la kwanza la kutawanya matufe. Ila yake ni kwamba hushika chaki kwa shida na hailisamehe kosa. Ngozi laini hushika chaki vizuri na hutoa mguso wa upole, lakini kwa kupigwa hutandazika pembeni kama uyoga, ikahitaji kupunguzwa, kisha hukazana na kuwa ngumu kinyume na ilivyonunuliwa. Wengi huamini kwamba ulaini ndio unaozungusha tufe. Sivyo hasa. Mzunguko hutokana na mahali tufe linapopigwa na kasi ya pigo. Kazi ya ngozi ni kutoteleza. Anayeanza achague ya kati, aizoee, kisha mkono wake mwenyewe utamwambia upande wa kuegemea.

Ukubwa hufuata mchezo. Snuka, yenye matufe madogo, hutumia milimita 9 hadi 10. Biliadi ya Kifaransa isiyo na mashimo 11 au 12. Na pool tunayoiona mitaani 12 hadi 13. Umbo nalo ni jambo. Ncha iliyo bapa hugusa kwa ukingo wake na kuteleza, kwa hiyo huviringwa, na Wamarekani hupima mviringo huo kwa sarafu zao za senti 5 na senti 10. Ya senti 10, iliyo ndogo, hutoa ncha iliyochongoka zaidi.

Kuna ngozi ya kipande kimoja na kuna ya matabaka yaliyogandishwa pamoja. Ya kipande kimoja ni nafuu, lakini huwezi kujua ndani yake ikoje. Ya matabaka hushika umbo kwa muda mrefu na bei yake ni kubwa. Msomaji wa pwani atauliza pia ni ngozi ya mnyama gani, na ana haki. Nyingi ni za ng'ombe au nyati wa Asia. Baadhi ya zile za matabaka zinazosifika, hasa kutoka Japani, ni za nguruwe. Asiyependa kuigusa aulize kabla ya kununua, kwa kuwa jicho halitambui.

Baada ya kununua, kuna kutunza: kupaka chaki kabla ya kila pigo, kuikwaruza kidogo uso unapong'aa, na kuibadilisha kabla pete haijaanza kugusa tufe. Fimbo nyingi za kuchezea kwa zamu katika vibanda vyetu zina ngozi iliyokwisha kabisa, na vijana hulaumu mikono yao kwa kosa la ncha.

Jina la Mingaud limo vitabuni, na ni haki yake. Jina la Carr limo, pamoja na vikasha vyake vya unga. Wapagazi wa Unyanyembe hawamo, na hatuna namna ya kuyarejesha majina yao. Lakini maneno yao tunaweza kuyahifadhi. Kijana wa leo anajua mzunguko wa ubavuni na pigo la kutawanya. Muulize kalasha ni nini, atakutazama tu. Neno hilo lilitamkwa Forodhani na watu waliojua kupima pembe kwa jicho, zama ambazo mchezo wa mbali uliitegemea kazi yao. Ni letu kama yalivyo letu kusi na merikani, na mahali pa kulitunza ni katika kurasa kama hizi.